Zimwi bila sharti ni mnyama tu

Mwaka 1995, Pemba kwanza na baadaye Unguja, watu wengi walihama vyumbani mwao usiku. Walilala nje, uani na barazani, familia kadhaa pamoja, moto ukiwaka katikati. Walikuwa wakimkimbia Popobawa, kiumbe aliyesemwa kuingia nyumba za watu gizani, kumlemea mtu kitandani na kumdhalilisha. Huo ulikuwa pia mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi Zanzibar tangu Mapinduzi ya 1964, na wapo waliounganisha mambo hayo mawili. Tuwaachie wao siasa. Kwa msimulizi, cha kutazama ni kanuni iliyoandamana na kiumbe yule: aliyevamiwa alitakiwa awaambie wenzake. Akinyamaza, angerudiwa.

Ipime kanuni hiyo. Jambo lenyewe ni la aibu, la kufichwa hata kwa mke. Mtu anabanwa kati ya aibu ya kusema na hofu ya kurudiwa, na kila anayeamua kusema anaieneza hadithi nyumba nyingine kumi. Ni nadra mwandishi kukaa mezani akabuni mtambo kama huo, hadithi inayobeba ndani yake sababu ya kusimuliwa.

Malighafi yake haikuwa mpya. Kiswahili kina neno jinamizi tangu zamani. Akili imeamka, misuli bado imefungwa na usingizi. Mtu anakiona chumba chake, hawezi kuinua hata kidole, kifua kizito kama kimekaliwa. Hali hiyo huwapata watu kote duniani, na jamii nyingi zina jina la huyo anayekalia kifua. Kilichoifanya ya 1995 iwatoe watu vyumbani ni kile kipande kidogo kilichoongezwa juu ya jinamizi: sharti.

Neno hili tumelizoea kwa waganga. Usigeuke nyuma ukitoka makaburini. Usimwambie mtu mpaka siku ya saba. Msikilizaji akishasikia sharti, moyo wake hutulia na kuchafuka kwa pamoja, maana anajua litavunjwa. Asilolijua ni nani atalivunja, na kwa nini. Hapo ndipo injini ya hadithi ya kutisha ilipo. Kinachoitwa zimwi, jini, mzuka au mashine iliyoasi ni mkusanya deni tu, anayekuja baadaye kudai.

Sharti peke yake halitoshi. Linahitaji sababu nzuri ya kulivunja, na linahitaji bei. Waandishi wengi wanakumbuka sharti na bei, wanasahau sababu. Kijana anaambiwa asifungue chumba cha saba, ukurasa unaofuata amekifungua, na ukimuuliza mwandishi kwa nini, jibu la kweli ni kwamba angekiacha hadithi isingekwenda. Msomaji analigundua hilo haraka, na akishaligundua anaacha kumwogopea kijana, anaanza kumcheka. Sababu lazima iwe kitu ambacho msomaji mwenyewe angekifanya: njaa, mapenzi, huruma, deni, au adabu. Adabu hasa. Jamii yenye miiko mingi ya heshima ina hazina kubwa ya kutishia, kwa kuwa kila heshima ni mlango usioweza kuufunga bila kuonekana huna malezi.

Chukua mfano mdogo ambao tutaurudia. Wazee wengi hukataza kuitika ukiitwa usiku kabla sauti haijakuita mara ya tatu. Kinachoita mara moja au mbili, wanasema, huenda si mtu. Hilo ni sharti, na ni zuri kwa sababu linahesabika. Sasa mweke ndani binti wa miaka 12, bibi yake ametoka jioni kwenda kukaa na wafiwa mtaa wa pili. Bibi ndiye aliyemfundisha sharti hilo. Na bibi ana pumu. Umeona mtego? Akirudi usiku, baada ya kupanda kilima, bibi huyo hana pumzi ya kubisha hodi mara tatu. Binti anayajua yote mawili. Akisubiri ya tatu, anamwacha bibi yake nje anakoroma kifua. Hakuna ujinga wowote atakaoufanya, na bado ataumia.

Kuhusu namna ya kuipandisha hofu, hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka 1870 mmisionari Mwingereza Edward Steere alichapisha London mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa Unguja, na mojawapo ni kisa cha Sultani Majinuni. Paka wa sultani anaua ndama. Watu wanakwenda kushitaki. Sultani anajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Paka anachukua mnyama mwingine, na mwingine, na jibu linabaki lile lile. Anachukua mtoto wa watu: jibu ni lile lile. Ni pale anapowaua wana wa sultani mwenyewe ndipo jina linabadilika. Huyo si paka tena, ni nunda, mla watu.

Tazama kinachofanyika. Mnyama anakua hatua kwa hatua, lakini jibu halikui, na ni jibu lile lisilokua linaloutia mwili baridi. Msikilizaji anajua tangu kwenye ndama mambo yanakokwenda. Mwenye mamlaka ya kuyazuia anaona hesabu ya mali tu. Anayetaka kuandika leo juu ya kampuni inayochimba mchanga mpaka nyumba zinazama, au mtambo unaojifunza kuiga sauti za wafu, umbo la kuazima liko hapo. Mpe mwenye mali sentensi moja fupi, airudie bila kubadilisha neno kadiri hasara inavyopanda.

Nusu ya pili ya kisa ni somo jingine. Mwana mdogo anatoka kumsaka nunda. Anaua mbwa, anamburura nyumbani akiimba kwamba amemuua mla watu. Mama yake anamjibu kwa wimbo kwamba siye. Anarudi na ngawa: siye. Pundamilia, twiga, kifaru, tembo: siye, siye. Kila mzoga unampa msikilizaji kipimo kipya, na tembo anapokataliwa msikilizaji hana tena cha kupimia, inabidi atengeneze mnyama kichwani mwake. Kisha kijana na watu wake wanamwona kiumbe amelala, nao hawakimbilii kupiga. Wanalinganisha kwanza alama walizoambiwa: masikio madogo, mpana si mrefu, mabaka mawili kama ya ngawa, mkia mnene. Basi. Hakuna jino wala ukucha katika alama hizo, na hakuna neno "la kutisha". Ni maelezo ya mtu anayetafuta ng'ombe aliyepotea, ndiyo maana yanaaminika.

Kiswahili kinatusaidia pia kutenganisha vitu ambavyo waandishi huvichanganya. Kuna wahaka, ule wa kabla ya jambo, mtu anaposikiliza hatua nje na hajui ni za nani. Kuna kitisho, cha wakati jambo linapotokea. Na kuna kinyaa, cha kuangalia kilichobaki. Mwandishi wa riwaya Mwingereza Ann Radcliffe, katika maandishi yaliyochapishwa 1826, miaka 3 baada ya kifo chake, alishagawa hofu inayoikunjua nafsi na kuiamsha kutoka ile inayoigandisha. Kugawa hofu namna hiyo kuna faida ya kikazi: wahaka unaweza kuudumisha kwa kurasa 10, kitisho kwa ukurasa mmoja, kinyaa kwa sentensi mbili au tatu. Mwandishi anayeanza na matumbo yaliyomwagika ametumia akiba yake yote siku ya mshahara.

Hitchcock, mwongozaji wa filamu, alikuwa na mfano maarufu wa bomu chini ya meza. Watu wawili wanazungumza, bomu linalipuka: watazamaji wameshtuka kwa sekunde 15. Waonyeshe bomu kwanza, waonyeshe na saa ukutani, halafu waache wale wawili wazungumze upuuzi wao, na umepata wahaka wa dakika 15. Tafsiri yake kwa mwandishi wa hadithi ni kwamba msomaji apewe taarifa mapema kuliko mhusika, au angalau apewe alama ambayo mhusika hana muda wa kuifikiria. Kuficha kila kitu mpaka mwisho kunazaa mshtuko mmoja, na mshtuko hausomwi mara ya pili.

Sasa turudi kwa binti wetu. Hivi ndivyo wengi wangeandika: "Usiku huo kulikuwa na giza totoro la kutisha. Ghafla Mwanaidi alisikia sauti ya ajabu iliyomwogofya sana. Moyo ulimwenda mbio. Alihisi kuna kitu kibaya nje." Sentensi nne, na msomaji hajaona kitu hata kimoja. Giza lipi? Sauti gani? Mwandishi anamwagiza msomaji aogope, na hofu haipokei maagizo. Linganisha: "Kibatari kilikuwa kimeshushwa utambi. Mwanaidi alisikia kandambili za bibi zikikokota changarawe, zikasimama mlangoni. Kisha kifua, kile cha filimbi. 'Hodi,' ikaja. Akaweka mkono kwenye komeo na kuanza kuhesabu." Hakuna neno la hofu humo. Kuna kandambili, filimbi ya pumu, komeo, na hesabu iliyofika moja. Vyote vinatambulika, na ndiyo sababu hesabu inauma.

Kwa hadithi ya maneno kama 2,000, kipimo kinachofaa ni hiki: sharti litajwe ndani ya maneno 300 ya mwanzo, tena kwa kupita, likiwa limefichwa katika mazungumzo ya kawaida kama kukaripia mtoto au kupika. Alama ziwe tatu, zisizidi nne, na ya kwanza iwe na maelezo ya kawaida kabisa. Kata iliyolowa maji juu ya mtungi, na hakuna aliyekunywa. Inaweza kuwa paka. Alama ya pili imwondoe paka. Ya tatu ije wakati mhusika ana shughuli nyingine ya haraka, asipate nafasi ya kuifikiria; kazi ya kuifikiria ibaki kwa msomaji.

Ukaribu ndio unaoamua kiasi cha maumivu, na hapa msukule unalishinda zimwi lolote la kuagiza kutoka nje. Imani hiyo, iliyoenea Tanzania, inasema marehemu hakufa. Amechukuliwa kichawi, amekatwa ulimi, analishwa pumba na kulimishwa mashamba usiku, na kilichozikwa ni mgomba. Maiti inayotembea katika filamu za Marekani huwa mgeni asiye na jina, adui wa kupigwa risasi, wakati msukule ni mjomba wako. Hakukimbizi wala hataki kukula. Analima, na yuko karibu, labda shamba la jirani, wala hawezi kukuita. Hofu yake imeshonwa pamoja na kilio cha mfiwa asiyeamini kifo, na juu yake kuna swali la nani anatajirika kwa jasho la nani. Ndiyo maana wanaomwandika kama jitu la kunguruma humharibu. Mwandishi amwonyeshe mikono tu, yenye malengelenge mapya, na mke wake aitambue pete.

Hadithi za kisayansi na za dunia za kubuni zinaendeshwa na mtambo ule ule, ila sharti linahama kutoka kwa mtu mmoja na kuifunga jamii nzima. H. G. Wells, mwandishi Mwingereza wa hadithi za kisayansi, akiyatazama nyuma maandishi yake mwaka 1933, alieleza kwamba jambo lisilowezekana linapaswa kuwa moja. Baada ya hapo kila kitu kiwe cha kawaida kama chai ya jioni, maana mambo yote yakiwezekana hakuna la kushangaza. Shaaban Robert aliifuata njia hiyo katika Kusadikika (1951). Nchi inaelea angani: huo ndio muujiza. Yaliyobaki ni kesi mahakamani, mashtaka, utetezi, na mtuhumiwa Karama ambaye kosa lake ni kufundisha sheria. Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza; hakimu wa hewani aliweza kusikia maneno ambayo hakimu wa ardhini angeyachukulia hatua. Umbali ule ulikuwa ngao, na ndiyo kazi ambayo aina hii ya uandishi imeifanya mara nyingi zaidi kuliko kubashiri vyombo vya angani.

Ubunifu unaosifiwa, basi, haupimwi kwa wingi wa vitu vya ajabu. Unapimwa kwa kina ambacho kitu kimoja kimefuatwa. Tuchukue kimoja: mtu anaweza kuweka kumbukumbu yake rehani. Mwandishi mvivu ataishia kwenye mashine yenye taa za buluu na profesa anayeieleza. Iweke badala yake kwenye kibanda cha wakala, kati ya muuza vocha na muuza chapati, kisha uulize maswali ya dukani. Bei gani? Kumbukumbu ya harusi shilingi laki nne. Ya msiba haina mnunuzi, mpaka pale chuo cha maigizo kinapoanza kuzitafuta. Nani anakwenda mara nyingi? Wazazi, mwezi Januari, ada za shule zinapodaiwa. Riba inakuwaje? Ukichelewa, wanachukua na siku ya kabla yake.

Hapo ndipo matokeo ya hatua ya pili yanapoanza kujileta yenyewe. Kadhi anakataa ushahidi wa mtu aliyeweka rehani. Mume anauza siku ya ndoa, mke bado anayo. Mabinti wa mtaani wanaanza kuwauliza wachumba: umeshapunguza? Naam, "kupunguza", kwa sababu watu hawatumii jina la kampuni wala la kisayansi kwa jambo la aibu. Hutafuta neno laini. Dunia ya kubuni ikishapata tafsida yake, msomaji anaiamini. Kurasa tano za kueleza mtambo unavyofanya kazi hazifikii neno hilo moja likitamkwa kwa sauti ya chini. Na sharti? Kumbukumbu hairudishwi kwa mtu asiyeweza kueleza ni ipi. Soma tena sentensi hiyo uone ilivyo katili, na jinsi ofisi yoyote ingeweza kuibandika ukutani.

Makosa yanayoua hadithi hizi yanajirudia, na mengi ni ya kuvunja ahadi. Jini akiogopa chumvi sura ya 2, asionekane jikoni sura ya 9. Simu ikihitajika kuzima, chaji yake ianze kulalamikiwa mapema, si dakika ileile ya hatari. Ndoto haitakiwi kabisa: msomaji aliyelipia hofu yake kwa saa nzima, ukamwambia mhusika alikuwa usingizini, umemrudishia noti bandia. Naye mganga anayetokea ukurasa wa tatu kutoka mwisho, akaeleza kila kitu na kumfukuza shetani kwa usinga, ni afisa wa serikali ya mwandishi. Kama lazima awepo, ajue nusu tu, na adai ujira.

Hadithi za mtandaoni zinazotolewa kwa vipande zina ugonjwa wao wa peke yake. Kila kipande kinaishia kwa ukelele, kisha "Itaendelea". Kufikia kipande cha sita msomaji ameshajua kwamba ukelele utafumbuliwa kuwa kitu kidogo: paka, mume, kivuli. Kati ya vipande vitano, kimoja kiishie kwa ukelele. Vilivyobaki viishie kwa uamuzi. Mhusika ameshika komeo. Mhusika amesaini karatasi. Uamuzi humrudisha msomaji kesho kwa sababu anataka kujua bei.

Mwisho ndio unaowashinda hata wenye kipaji, kwa kuwa wanadhani lazima zimwi lionekane. Kinachotakiwa kuonekana ni deni. Sharti limevunjwa kwa sababu nzuri. Bei ije kwa sarafu ileile ya sharti, kisha mwandishi anyamaze. Katika kisa cha Mwanaidi sharti ni hesabu, basi bei nayo iwe hesabu. Hodi ya pili ilikuja imekatika, nusu pumzi. Mwanaidi akafungua. Akaingia bibi, analowa umande, akakaa kitandani, akavua kanga ya kichwani, akaomba maji. Ni yeye, mikunjo yote ya uso, hata kovu la kidole. Binti akachovya kata mtungini. Nje, changarawe zikakokotwa, kifua kikapiga filimbi, na sauti iliyochoka sana ikamalizia hodi ya tatu.